Mjusi, Bafle na Daftari la Mama Neema

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kiti cha nyuma, na kiti cha nyuma cha Toyota Celica hakikutengenezwa kwa ajili ya mama mkwe. Kilitengenezwa kwa ajili ya koti, mkoba, au mtoto mmoja asiye na magoti. Kwetu, mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali: hamkai mkeka mmoja, hamtazamani sana usoni, na mkikutana njiani mmoja wenu anakumbuka ghafla kwamba amesahau kitu nyumbani. Celica haina umbali wowote. Jumapili ile, kwenye kilima cha kupandia Muhungu, hapa Bukavu, kisogo changu kilikuwa chini ya pua yake, na rozari yake ilikuwa ikinigonga bega kila tulipoingia shimo.

Kisha gari likaanza kurudi nyuma.

Nitakueleza lilivyorudi, ndugu yangu, lakini si sasa. Wewe pia una nyumba, una shemeji, una daftari la matumizi lililofichwa mahali. Unajua kwamba mambo haya hayaanzi siku yanapotokea. Gari letu lilianza kurudi nyuma miezi saba kabla ya hapo, mezani, likiwa limeegeshwa.

Na kabla ya meza kulikuwa na deni. Binamu yangu anafanya biashara ya vitenge, anakwenda Dar es Salaam kila baada ya miezi miwili. Alinikopa dola 2,300. Mimi ni mhasibu katika depo ya saruji na mabati pale Nyawera. Kazi yangu ni kuwakatalia watu mkopo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Saa kumi na moja nilimkopesha binamu. Tena zile hazikuwa fedha zangu, zilikuwa fedha za parseli, yaani kiwanja, kule Panzi, ambayo mke wangu alikuwa ameshaipanda mihogo kichwani mwake. Mwaka ukapita. Siku moja binamu akapiga honi mlangoni, akatoka kwenye gari jekundu lenye milango miwili, akanipa ufunguo na kusema, "Kaka, feza yako njo hii. Iko na magurudumu."

Ilikuwa Celica ya mwaka 2002, gia za mkono. Ilitoka Japani kwa meli mpaka bandari ya Dar, ikapanda Rusumo, ikavuka Rwanda yote, ikashuka Ruzizi na kuingia Bukavu ikiwa na usukani kulia, kama magari mengi ya hapa mjini. Sasa, sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia. Ukiwa nyuma ya lori na usukani wako uko kulia, unachokiona ni lori tu. Anayeona mbele ni yule aliyekaa kushoto, yaani mke wangu, Mama Neema. "Ngoja," ananiambia. "Ngoja... ngoja... nimesema ngoja... pita!" Kwa hiyo tangu siku ya kwanza gari lile lilikuwa na madereva wawili: mmoja anashika usukani, mwingine anaamua. Mimi sikuliona jambo hilo kuwa la hatari. Ningekuwa na akili ningeliona.

Nilijaribu kumpoza Mama Neema kwa historia. Nikamwambia kwamba Celica si gari la mchezo. Lilizaliwa mwaka 1970 na likatengenezwa mpaka 2006. Nikamwambia kwamba lilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1984, 1985 na 1986, likarudi kushinda 1990 na 1992, na 1993 Celica zikachukua nafasi nne za kwanza zote. Mwaka 1994, mwaka ambao sisi watu wa Kivu tunaukumbuka kwa mambo mengine mazito, Mkenya Ian Duncan alishinda kwa Celica, mwana wa Afrika Mashariki katika matope ya nyumbani. Mama Neema alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua sombe. Akauliza, "Huyo Duncan alikuwa amebeba mama mkwe?"

Sikujibu. Ukweli ni kwamba zile Celica za miaka ya tisini zilivutwa na magurudumu manne na zilikuwa na turbo. Langu linavutwa na magurudumu mawili ya mbele na, siku nyingine, linasukumwa na watoto wa avenyu. Lipo chini sana. Tumbo lake linasalimiana na kila jiwe la Muhungu kwa jina. Majirani walilitazama wiki moja wakalibatiza Mjusi, na ndilo jina lililobaki, hata katika daftari.

Ngoja niwatambulishe wa nyumbani, maana bila wao hesabu hizi hazieleweki.

Mke wangu, nje anaitwa Mama Neema. Ndani, tukiwa na hakika hasikii, anaitwa Benki Kuu. Anatunza fedha, hatoi maelezo, na akisema hakuna, basi hakuna. Mama yake ni Bibi Duane, yaani Bibi Forodha. Hakuna kitu kinachopita mlango wetu bila yeye kukifungua, kukinusa na kukuuliza umekinunua bei gani. Maofisa wa mpakani pale Ruzizi wangekuja kwake kujifunza. Binti yetu Neema, miaka kumi na minne, ni Mkaguzi: anakumbuka ahadi zote ulizotoa na tarehe zake. Mdogo wake, miaka sita, ni Kipaza, kwa sababu jambo ukimwambia sikioni linatokea kanisani.

Na kuna shemeji yangu, mdogo wa Mama Neema, aliyekuja kwetu mwaka 2019 kwa wiki mbili kutafuta kazi. Huyo ni Bafle. Bafle ni spika, kwa wasiojua Kifaransa chetu cha mitaani. Kijana huyu hawezi kuona sanduku lenye tundu asiweke spika ndani yake. Aliwahi kuweka spika kwenye ndoo ya kuoshea vyombo, na wiki nzima tuliosha vyombo kwenye beseni ili wimbo usikatike.

Tatizo la kwanza la Mjusi lilikuwa redio. Lilikuja na redio ya Kijapani, yenye kioo kilichojaa maandishi mfano wa vibanda vilivyoungua. Ukiwasha gari, mwanamke fulani anasema maneno matamu kwa Kijapani. Bibi Duane alidhani ni sala, akawa anajibu "Amina". Mama Neema alidhani mambo mengine, akataka kujua mwanamke huyo anamwita nani. Baadaye tuliambiwa kwamba ni kile kifaa cha kulipia barabara za kule Japani. Kila asubuhi kinaomba uingize kadi. Kipaza sasa anaisema sentensi nzima bila kosa, na wageni wanatuuliza mtoto huyu anasoma wapi.

Kisha FM. Redio za magari ya Japani za wakati ule zinaanzia 76 na kuishia 90. Stesheni za kwetu zinaanzia karibu 88 na kupanda mpaka 108. Kati ya dunia hizo mbili kuna kipande kidogo cha kukutania, kama kivuko, na kwenye kivuko hicho mara nyingi tulikuta mhubiri mmoja na makelele. Gari lilitoka kiwandani mwaka 2002, mwaka ule ule Radio Okapi ilipoanza kurusha matangazo, na kwa miaka yote hiyo hawakuwahi kusalimiana. Bibi Duane alikosa matangazo ya misiba. Mtu wa umri wake asiposikia matangazo ya misiba anaishi kama mtu asiyejua nani amebaki.

Tatizo la pili halikuhusu muziki. Nikikanyaga mafuta kwenye kupanda, injini inapiga kelele kama mtu aliyeitwa kula, lakini gari lenyewe haliongezi hata hatua. Halafu harufu. Nilimpelekea Muzee Bulon, fundi wangu wa pale mtaani Essence, mtu mwembamba ambaye mikono yake haijawahi kuwa na rangi nyingine zaidi ya grisi. Alipanda nami kilima kimoja, akashuka, akasema, "Ambreyaji."

Ambreyaji ndiyo klachi. Muzee Bulon alinieleza kwa viganja vyake. Kiganja hiki ni volani ya injini, inazunguka muda wote. Kiganja hiki ni plato, inabana. Katikati kuna diski, kama mkate katikati ya viganja viwili. Vikibana, diski inazunguka pamoja na injini na gari linakwenda. Ukikanyaga pedali, vinaachia. Diski ina ngozi yake, na ngozi hiyo inaisha kama soli ya kiatu. Ikiisha, injini inazunguka peke yake na gari linabaki kutazama. "Na hapa Bukavu," akasema, "soli inaisha mbio. Nyinyi bote mulijenga juu ya vilima, halafu munashikilia mutuka na ambreyaji mahali mungeshikilia na breki ya mukono." Akaniambia tena kwamba kazi kubwa ni kushusha giaboksi, kwa hiyo ukishaishusha usibadilishe diski peke yake: badilisha diski, plato na ile bearing ya kuachilia, vyote vitatu, usije ukalipa kazi ile ile mara mbili.

Basi Jumamosi usiku, umeme ukiwa umekwenda, tukakaa mezani kwa taa ya simu. Zamu yangu ya likelemba, yaani upatu, ilikuwa imefika, dola 300, na depo ilikuwa imetoa bonasi ya dola 110. Jumla 410. Nililiandika kwa mwandiko wangu wa kazini, nikapiga mstari chini yake. Mstari ule ndio kitu cha mwisho nilichokiamua mimi usiku ule.

Vipuri vitatu vya ambreyaji kutoka Kampala, 135. Kazi ya Muzee Bulon, 50. Oili ya giaboksi, 18. Kusawazisha volani kwa fundi wa mashine, 12. Jumla 215. Upande wa pili Bafle alikuwa ametayarisha karatasi yake, imechorwa hata kwa rangi: redio mpya 70, spika za milangoni 40, amplifaya 60, besi ya nyuma 50, nyaya na fyuzi 20. Jumla 240. Mbili hizo ni 455. Nilikuwa bado natafuta zile 45 zilizopungua, nyumba ikaamka.

Neema akakumbusha minervali, yaani ada ya shule, ya muhula wa pili, 60, na akataja tarehe niliyosema "kesho". Kutoka chumbani sauti ya Bibi Duane ikasema haoni tena kitabu chake cha nyimbo, miwani, 35. Mabati mawili ya jikoni, 40. Na ni aibu, mtu anayeuza mabati anapikiwa chini ya anga. Viatu vya Kipaza, 12. Bafle naye akaomba 10 za usafiri wa kutafuta kazi. Jumla 157. Zikabaki 253.

Sasa angalia, msomaji, jinsi Shetani anavyojua hesabu. Dola 253 zinatosha ambreyaji, zinabaki 38. Dola 253 zinatosha muziki, zinabaki 13. Hazitoshi vyote viwili. Mama Neema akafunga daftari, akasema, "Ambreyaji," akaenda kulala. Kikao kikaisha.

Ningekuwa salama mpaka leo kama Mama Neema asingepanda meli ya Goma siku ya Jumatano kwa harusi. Siku nne tu. Alhamisi nikampelekea fedha yule kijana anayeagiza vipuri Kampala. Akazihesabu, akainua noti moja ya mia juani, akairudisha. Ilikuwa na mpasuko pembeni, mdogo kama kope ya sisimizi. Unaijua nchi yetu: faranga unaweza kuikuta imeunganishwa kwa plasta na bado inanunua nyanya, lakini dola ikikunjamana tu inakuwa karatasi ya kufungia karanga. Nikatembea Nyawera yote na noti yangu. Wabadilisha fedha wakaipima kwa vidole, wakatikisa vichwa.

Jioni Bafle akaniambia kwamba anamjua muuza redio mmoja anayepokea noti zilizochanika, anakata kumi tu. "Shemeji," akasema kwa upole wa padri, "mimi siko nasema tununue. Niko nasema tu kama ile noti inajua mahali iko naenda." Akaniambia pia kwamba ambreyaji inateleza kwenye gia ya tatu tu, tena kwenye kupanda tu, tena siku za mvua. Na kwamba Bibi atasikia matangazo ya misiba. Alimtumia mama yake mzazi kama ngao, na mimi nikajificha nyuma ya ngao hiyo hiyo. Dola 253, toa kumi za mpasuko, 243. Toa muziki, 240. Nikarudi nyumbani na dola tatu, nikaziweka katika bahasha, nikaandika juu yake: "Ambreyaji."

Naomba nikupe funzo moja nililolipia. Kwenye katoni ya amplifaya imeandikwa wati 1,200 kwa herufi kubwa kama za bango la mechi. Namba hiyo ni ya sekunde moja ya ujasiri. Namba ya kweli, ile ambayo mashine inaweza kuibeba kutwa, imeandikwa nyuma kwa herufi ndogo, na ukiiona unahisi umedanganywa na mtu wa ukoo. Funzo la pili: waya mnene unaotoka kwenye betri lazima uwe na fyuzi karibu na betri, usije ukawaka moto kabla hujajua, na pawe na waya wa kuuzima muziki ufunguo unapozimwa. Bafle aliiweka fyuzi, nashukuru. Waya wa kuuzima aliuona kuwa kikwazo kwa sanaa, akaufunga moja kwa moja.

Mama Neema alirudi Jumapili kwa meli ya jioni. Alipofika mlangoni alisema alianza kutusikia tangu bandarini. Hakugomba. Laiti angegomba! Alivua viatu, akachukua daftari, akatafuta mstari wa ambreyaji. Kwenye safu ya "fedha zitatoka wapi" akafuta jina langu, akaandika: "Mungu."

Niseme haki: miezi ile ya kwanza nyumba ilikuwa tamu. Umeme ulipokatika, na wewe unajua unavyokatika, nyumba yetu ilikuwa na Mjusi. Simu zilichajiwa humo, zetu na za avenyu nzima. Bibi Duane alihamishia kiti chake cha jioni pembeni ya mlango wa kushoto, akasikiliza misiba kwa sauti isiyo na mikwaruzo, akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika kila aliposikia jina asilolijua. Bukavu Dawa na Muungano walipokutana, vijana kumi na wanane walisikiliza mechi kwenye gari la viti vinne. Mimi nilipita kati yao nikiitwa "Patron". Ni jina dogo, lakini mhasibu halisikii mara nyingi.

Gharama ikaja asubuhi. Betri ilikuwa inanyonywa usiku kucha, saa kumi na mbili na nusu ikawa haina hata nguvu ya kumfanya yule mwanamke wa Kijapani aombe kadi. Dawa yetu ilikuwa kilima. Watoto wanasukuma, Mjusi anashuka, naweka gia ya pili, naachia ambreyaji kwa ghafla, injini inashtuka na kuwaka. Kila asubuhi. Nilikuwa najisifu kwamba nimeokoa fedha za betri. Kumbe kila mshtuko ulikuwa unakula ile ile soli iliyokwisha. Muziki ulikuwa unaila ambreyaji kupitia betri, polepole, kama mchwa. Kazini ningeliona jambo hilo katika dakika tano: fungu moja linahamishia deni lake kwenye fungu jingine. Nyumbani nilikuwa nacheza.

Sasa turudi kwenye kilima.

Tulikuwa tumetoka misa kwenye kanisa kuu la Notre-Dame de la Paix. Mimi kulia kwenye usukani, Mama Neema kushoto kwenye maamuzi, nyuma Bibi Duane na Kipaza. Neema na Bafle walikuwa wanatembea kwa miguu, na tayari walikuwa wametupita mara mbili. Katikati ya kupanda nikakanyaga mafuta. Injini ikapiga ukelele. Gari likasimama kama mtu aliyekumbuka kitu. Harufu ikapanda. Nyuma yangu sauti ikasema, "Mukwe wangu, nani iko nachoma viatu?"

Hapo ndipo tulipoanza kurudi. Nikavuta breki ya mkono, ikashika nusu. Neema, ambaye ndiye mtu pekee mwenye akili ya haraka nyumbani kwetu, akaviringisha jiwe nyuma ya gurudumu. Bafle akasimama katikati ya barabara akiwapungia pikipiki mkono, bila kueleweka kama anawaita au anawafukuza. Nikazima injini. Muziki haukuzima. Nikachomoa ufunguo. Muziki ukaendelea, ndombolo ya kweli, na besi ikawa inatikisa kibao cha namba. Watu waliokuwa wanatoka makanisani wakasimama. Wawili wakaanza kucheza.

Kumtoa Bibi Duane kulichukua dakika ishirini. Gari lina milango miwili. Mtu wa nyuma anatoka kwa kukunja kiti cha mbele. Kiti cha mbele kilikuwa kimenaswa na waya wa besi. Mama Neema alikuwa nje, anavuta kiti. Kipaza alikuwa ametoka kupitia dirishani na anawaeleza watazamaji bei ya kila kitu, pamoja na noti iliyochanika. Hatimaye Bibi akatoka, akanyoosha kitenge chake, akaweka rozari mkobani, akangoja mpaka Bafle alipofanikiwa kung'oa waya na kilima kikawa kimya. Kisha akasema, pole pole, kila mtu asikie:

"Hii mutuka iko na sauti ya kuimba, haiko na nguvu ya kupanda. Iko sawa na mutu mumoja minamujua."

Hakutaja jina. Mimi na Bafle tulitazamana kwa huruma, kila mmoja akiamini ni mwenzake.

Muzee Bulon alishusha giaboksi Jumatatu. Akanionyesha diski: ngozi imekwisha, misumari yake imetokeza, na misumari hiyo imelima volani mifereji kama shamba la viazi. Haikufaa tena kusawazishwa kwa zile 12. Ilitakiwa nyingine iliyotumika, 37. Nikajumlisha mara tatu nikiomba nimekosea. 135, na 50, na 18, na 37. Dola 240. Bei ile ile ya muziki, mpaka dola ya mwisho. Nilikuwa na bahasha ya dola tatu.

Aliyelipa unamjua. Mama Neema yuko katika AVEC ya kina mama wa mtaa, ule ushirika wa akiba wenye sanduku la kufuli tatu na wanawake watatu wenye ufunguo mmoja mmoja. Waligawana mwezi ule. Alihesabu 240 mezani, noti zote zimenyooka kana kwamba zimepigwa pasi, akazifunika kwa kiganja. Halafu akasema masharti. La kwanza, hakuna simu ya jirani itakayochajiwa humo. La pili, Bafle ataweka ule waya wa kuuzima au atajizima yeye. La tatu: "Mutuka nitaendesha mimi."

Nikacheka kidogo. Hakucheka.

Alikwenda garaji mwenyewe, na diski ya zamani mkononi, akalinganisha upana na akahesabu meno ya katikati kabla ya kukubali ile mpya. Sijui nani alimfundisha. Akajifunza kuendesha kwa Muzee Bulon, si kwangu. Aliporudi siku ya kwanza aliniambia, "Papa Neema, Muzee anasema mguu wako ulikuwa unalala juu ya pedali ya ambreyaji, hata kwenye tambarare. Unafika, unakaa, hauondoki." Akamtazama Bafle aliyekuwa anamalizia bugali ya jana. "Kama watu wengine."

Anaendesha vizuri kuliko mimi, na hilo halikumshangaza mtu isipokuwa mimi. Kwenye kupanda anavuta breki ya mkono, anaachia ambreyaji mpaka gari linainua pua kidogo, anashusha breki, anakwenda. Sijasikia harufu tena. Mara moja alinibeba, nikakaa kushoto, kwenye kiti chake cha zamani. Karibu na Feu Rouge tukawa nyuma ya lori. Mimi nikaona mbele, nikasema kwa sauti ya mamlaka, "Ngoja... ngoja..." Alikuwa ameshapita.

Basi, ndugu yangu mwenye gari kuukuu na nyumba iliyojaa, nakuomba jambo moja tu. Ukipata dola mia mbili na hamsini, lipia kwanza kitu ambacho hakuna mtu nyumbani atakayekisikia. Muziki una wapiga kura. Ambreyaji haina hata mmoja, mpaka siku mama mkwe anaporudi nyuma kilimani.

Mimi sasa naenda kazini kwa pikipiki. Kutoka Muhungu hadi Nyawera, kwenda na kurudi, ni faranga 1,500. Niliziandika kwenye daftari, fungu la usafiri, kwa mwandiko wangu wa kazini. Jana nilikuta zimefutwa na pembeni yake imeandikwa 1,000, na chini: "Kwenda ni mteremko, utembee."